Mtoto Aliyetoka Ardhini

Ng'ombe wa kushoto alikataa kusonga. Jogindar akamchapa, akamtukana, kisha akaacha plau na kwenda mbele kutazama.

Ndani ya mfuo alioulima jana yake palikuwa na chungu kipana, kimezamishwa udongoni hadi nusu, mdomo wake umefunikwa kitambaa chepesi. Alipokifunua alikuta mtoto wa kike. Kitovu hakijakauka. Akapiga miayo kama mtu aliyeamshwa mapema.

Kabla Jogindar hajafika nyumbani naye, mvua ya kwanza ya mwaka ikamwagika.

Katika nchi yote ya Mithila hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Ni kwenye udongo huu huu mfalme wa zamani alishika plau kwa mikono yake wakati wa ukame, akamwibua binti ardhini, na hadi leo wanawake wanamwimba kwenye kila harusi. Mchana ua wa Jogindar ulikuwa umejaa taa, maua na vigelegele. Hata plau ilipakwa rangi nyekundu.

Aliyekaa kando ni Chandrakala, mke wake. Alirudi jana yake tu kutoka kwao, wilaya ya pili, alikokwenda tangu majira ya baridi kumuuguza mama yake. Alikuwa na homa, amejifunika shuka joto lote lile.

"Mshike basi, mke wangu," Jogindar alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Miaka yote tuliyofunga na kuomba, si ndiyo hii imejibiwa? Mshike."

"Mwondoe hapa."

"Kala..."

"Nimesema mwondoe!" Akageukia ukutani.

Wanawake wakatazamana. Uchungu wa tasa, wakasema kwa macho. Utapita.

Muujiza wenyewe haukumaliza wiki. Aliyeuua ni Rampari, mwanamke jirani yao, pale kwenye bomba la maji.

"Jamani, mtoto si kiazi," alisema. "Hachimbwi. Huyu ana mama, na mama mwenyewe atakuwa anatembea humu humu kijijini. Tumtafuteni."

Wenzake wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kukumbuka nani alikuwa amenenepa, nani alikuwa haonekani.

Ndipo Chandrakala alipotua ndoo yake kwa kishindo.

"Mama wa nini? Tafuteni baba kwanza! Nani amerudi juzi kutoka Punjab, mwaka na zaidi hajakanyaga hapa? Nani tangu arudi hakai nyumbani, kutwa yuko mjini kwa huyo aliyetoka naye huko? Nyie mnamuwashia taa, mimi nafanywa mjinga ndani ya nyumba yangu!"

Maneno hayo yalimfikia Jogindar kabla hajamaliza kuwanywesha ng'ombe. Alikuja mbio.

"Mjini nilikwenda kwa fundi wa pampu!"

"Pampu gani hiyo shemeji, yenye miguu miwili na bangili?" Rampari akadakia, na bomba zima likaangua kicheko.

"Kala, naapa kwa mama yangu mzazi."

"Mama yako ni marehemu. Hawezi kuja kukukanusha."

Siku hiyo hiyo Chandrakala alihamia kwa Rampari. Hakutaka kumwona mtoto, hakutaka hata kusikia sauti yake. Alilia hadi sauti ikamkauka, na kila mwanamke aliyewahi kuachwa nyumbani na mume aliyekwenda kutafuta kazi Punjab alikuja kulia naye. Jogindar alibaki peke yake na kichanga, akimdondoshea maziwa ya mbuzi mdomoni kwa pamba. Mara anameza, mara anatapika. Hakuna tena aliyeleta ua wala taa. Watoto wa njiani wakamwita "mkulima wa watoto."

Mzee Baleshwar, mkuu wa kijiji, akaitisha kikao palepale uani.

"Jogindar, mdogo wangu, tusizungushane. Kama huyu ni wa kuokotwa, kesho polisi wanamchukua, anakwenda kwa mayatima mjini Patna. Kama ni damu yako, sema. Umwombe mkeo radhi hapa mbele yetu, mtoto abaki."

"Nimemkuta shambani, kaka. Mungu anaona."

"Hilo tumelisikia. Nakuuliza mara ya mwisho."

Jogindar alimtazama mtoto. Midomo ilikuwa imepauka, kidole kimoja kimeshikilia shati lake. Kisha akamtazama mkewe aliyekaa katikati ya wanawake, ameinamisha kichwa.

"Ni wangu," akasema.

Ua ukalipuka. Mmoja alimtemea mate miguuni. Rampari, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alimkumbatia Chandrakala akalia kwa sauti. Wengine walimpepea kwa ncha za sari, shuka likamteleza mabegani.

Jogindar akavuka ua akiwa amembeba mtoto. Akapiga magoti, akagusa miguu ya mkewe kwa paji la uso, mume kwa mke, jambo ambalo kijiji cha Dhanauli hakijawahi kuliona.

"Nilikudanganya," alisema. "Nisamehe."

Chandrakala aliangalia juu ya kichwa chake.

"Kukusamehe siwezi," alisema polepole. "Lakini mtoto hana kosa. Abaki."

"Mnaona moyo huo?" Mzee Baleshwar akawageukia wanaume. "Mnaona mnavyowatenda watu wenye moyo kama huo?"

Mtoto, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, akaangua kilio. Jogindar aliinua uso ili ambembeleze, na hapo hapo, mbele ya macho yake na ya wanawake wote, kifua cha blauzi ya mkewe kikalowa maziwa pande zote mbili, yakaanza kudondoka.