Mwiko wa Nyama

Fruma aliimwaga sufuria nzima ya mchuzi wa kuku kwenye sinki, na hakusita hata karoti zilipoanza kudondoka.

"Umeukoroga kwa mwiko wa maziwa," alisema.

"Huo ni wa nyama, Mama. Rangi nyekundu ya mpini imefutika kwa kuoshwa."

"Imefutika. Basi nani anajua?"

Tirza alisimama akitazama mapaja ya kuku yakiziba tundu la sinki. Alikuwa ameamka alfajiri kuutengeneza mchuzi ule. Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia jua likizama, wageni kumi na wawili walikuwa njiani kuja nyumbani kwake Caulfield, Melbourne, na zilikuwa zimebaki saa nne. Akatoa kuku wengine wawili kwenye friji, akawasha jiko upya.

Alizaliwa katika mji wa Ballarat, binti wa fundi wa reli, akabatizwa Colleen. Ili aolewe na Leibl, mwana wa Fruma, ilibidi awe Myahudi: alisoma miaka mitatu mbele ya marabi, akazamishwa kwenye maji ya utakaso, akatoka na jina la Tirza. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu siku hiyo maziwa hayajawahi kukutana na nyama jikoni mwake, kama sheria ya Kiyahudi inavyotaka, na akila nyama mchana alisubiri muda wa saa sita kamili kabla ya kutia maziwa kwenye chai. Mkwewe hakuwahi kumwita Tirza.

"Mama, kwa nini humjibu?" Shifra, binti wa Tirza, alinong'ona. Alikuwa anakuna mizizi michungu ya meza ya Pasaka na machozi yanamtiririka.

"Kuna viazi vya kumenya."

Fruma alivuta kiti, akakaa katikati ya jiko ili wote wamzunguke.

"Mama yangu alikuwa anapikia watu ishirini," alisema. "Nyumba kubwa kule Lublin, Poland. Usiku wa Pasaka hakukaa mezani hata dakika moja, yeye na sufuria tu. Vyombo vya nyama huku, vya maziwa kule, na hakuna aliyepaka rangi kwenye mpini. Alijua kwa mkono. Vita vilipokwisha alinileta Melbourne nikiwa na miaka kumi, hatuna cheti, hatuna picha. Lakini hakusahau mwiko hata mmoja. Huyo ndiye mwanamke wa Kiyahudi, Shifra. Mtazame yeye, usitazame watu wa Ballarat."

Tirza alitia chumvi kwenye samaki wa kusaga, akaendelea kufinyanga vitonge.

Saa kumi Gita, binti wa Fruma, aliingia na mumewe na watoto, wakafuatiwa na binamu. Leibl akarudi kutoka sinagogi. Jiko likajaa watu wenye njaa wanaochungulia sufuria.

"Tirza, ile barua ya Poland imefika?" Gita aliuliza. "Chama cha mazishi cha Wayahudi wamenipigia tena. Bila karatasi za kuonyesha Uyahudi wa Mama hawawezi kumwekea kaburi kando ya la Baba."

Mikono ya Tirza ilisimama kwenye bakuli.

"Imefika. Tutaisoma baada ya sikukuu."

"Kwa nini baada ya sikukuu?" Fruma aliuliza. "Kaburi ni langu au lako?"

"Mama, tule kwanza," Leibl alisema. "Sikukuu ni siku nane tu."

"Wewe nyamaza. Mkeo ndiye aliyeandika barua, mkeo ndiye aliyepokea majibu, na mkeo ndiye anayeyaficha. Nimeuliza swali dogo."

"Sifichi, Mama. Nakuomba tu. Wiki ijayo nitakuja kwako, tukae wawili, tuisome."

"Mnamsikia? Wawili." Fruma aliwageukia wageni. "Miaka kumi na tisa anangoja nife, na sasa hataki hata nilale na mume wangu."

Tirza alikwenda kunawa mikono, akakaa bombani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama mkwe," alisema bila kugeuka, "kwa ajili ya watoto. Usinilazimishe."

"Watoto ndio hasa ninaotaka wasikie." Sauti ya Fruma ilikuwa imetulia kabisa sasa. "Nikwambie kitu, Colleen. Uyahudi haupatikani kwa kuchovywa kwenye maji. Kwa baba pia hautoki. Unatoka tumboni mwa mama, na hapo ndipo wewe ulipokosa, na marabi wote wa Melbourne hawawezi kukurekebishia. Leta barua. Soma kwa sauti, wajukuu zangu wajue nimetoka kwa nani."

Leibl alimtazama mkewe, akatikisa kichwa polepole. Tirza alimtazama yeye, kisha akamtazama Shifra, ambaye macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa mekundu kwa sababu ya mizizi peke yake.

Akaitoa bahasha juu ya kabati.

"Na umeshaifungua," Fruma alisema.

"Ilikuja kwa jina langu."

Fruma alinyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Gita alizima redio. Watoto walisogezwa mbele.

Tirza alisoma tafsiri neno kwa neno, bila haraka, kwa sauti ambayo hata binamu aliyekuwa mlangoni aliisikia vizuri.

"'Kuhusu mtoto Franciszka Wrona, ambaye kwa sasa anajulikana kama Fruma Zajdel. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinaonyesha kwamba alibatizwa akiwa na umri wa siku tisa. Baba, hajulikani. Mama, Marianna Wrona, Mkatoliki, hajaolewa. Kazi yake, mpishi katika nyumba ya Wayahudi.'"