Ukoo Uliopotelea Ndani ya Kompyuta

Ukoo mzima ulikuwa umepotelea ndani ya kompyuta, na kijiji kizima cha Nkololo kilishajua aliyeupoteza ni Kristofa.

Mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine hiyo, sebuleni kwa mwalimu Salvatory, jasho likimdondokea kwenye kibodi. Wiki iliyopita aliiwekea mfumo mpya, bure kabisa, kwa kujipendekeza tu. Mwalimu ni katibu wa ukoo wa akina Milembe, na Milembe ndiye mchumba wa Kristofa. Ukitaka mke, katibu usimdharau.

Kumbe kujipendekeza nako kuna gharama. Mfumo wa zamani ulikuwa mpole: ulichokiacha kwenye uso wa kompyuta unakikuta hapohapo. Huu mpya una kiherehere. Uliyakusanya mafaili yote bila kuulizwa, ukayapeleka kwenye folda zake, folda ndani ya folda, na mengine ukayabadilishia hata programu ya kuyafungulia. Mwalimu alipowasha akakuta uso mtupu, akapiga yowe lililosikika hadi lamboni.

Kristofa alichimbua folda moja moja. Akapata mitihani ya darasa la saba ya mwaka 2009. Akapata picha za ubatizo, nyimbo za kwaya, barua ya kuomba uhamisho, hata picha kumi na nne za jogoo mmoja. Kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni faili moja tu, la historia ya ukoo.

"Miaka mitatu!" mwalimu alilalama. "Miaka mitatu nazunguka kwa wazee, Lingeka, Lagangabilili, kote. Wananichinjia kuku, wanasimulia, naandika. Kurasa arobaini!"

"Faili ulilipa jina gani, mwalimu?"

"Jina? Si... historia."

"Uliandikia programu ipi?"

"Hiyohiyo ya kuandikia. Kijana wangu, usijitese. Kilichomezwa kimemezwa."

Moyo gani huu, Kristofa aliwaza. Mtu amepotezewa jasho la miaka mitatu na bado anamhurumia aliyempotezea! Aliona haya mpaka akashindwa kumalizia chai.

Mzee Mayige, baba yake Milembe na mwenyekiti wa ukoo, hakuwa na moyo wa namna hiyo. Kesho yake asubuhi Kristofa alimwamkia kwa adabu zote, "Mwangaluka, baba," mzee akaendelea kumfunga ndama kamba.

"Jumamosi ukoo wote unakuja hapa kusomewa historia," alisema hatimaye. "Isiposomwa, ng'ombe wako wa mahari watakurudia wote, pamoja na yule mwenye chongo. Siwezi kumpa binti yangu mtu aliyewafuta babu zangu."

Milembe alimsindikiza hadi njia panda, macho mekundu kwa kulia. "Kristofa, we tafuta. Hata kama ni kuichimba hiyo kompyuta kwa jembe, tafuta!"

Akatafuta Jumatano. Akatafuta Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kibandani kwake Bariadi mjini, akaona maji yamezidi unga. Akafunga mlango, akafungua ukurasa mweupe, akaanza kuwazaa babu za watu.

Alianza na babu wa kwanza, guku Masalu, aliyevuka mto Simiyu wakati wa mafuriko ameshika mkia wa fahali. Akampa wake saba, halafu akachoka kuwatafutia majina, wakabaki wawili. Mtoto wa mmoja akamuua simba kwa kigoda. Akaongeza njaa, ugomvi wa lambo, na babu mmoja mvivu ili mambo yasizidi utamu. Kwa herufi kubwa za kusomwa na wazee, hadi jioni kurasa arobaini zikawa zimetimia, tatu kati yake za ng'ombe tu, rangi kwa rangi.

"Limepatikana!" akatangaza aliporudi Nkololo. "Lilijificha kwenye folda ya jogoo!"

Jumamosi uwanja wa mzee Mayige ulijaa. Makaratasi akakabidhiwa katibu, maana ndiyo kazi yake. Hapo Kristofa akakumbuka kitu. Watu wote hawa ungeweza kuwadanganya, isipokuwa huyu mmoja aliyeiandika historia ya kweli kwa mkono wake. Mwalimu alitazama ukurasa wa kwanza. Akamtazama Kristofa, kwa muda mrefu. Akakohoa, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri jamani, usipime! Penye simba alishtuka pamoja na watu.

"Huyo Masalu marehemu baba alikuwa akimtaja kila siku!" bibi mmoja alipaza sauti.

"Lakini simba hakuuawa kwa kigoda," babu wa pembeni akapinga. "Ulikuwa mchi. Mchi wenyewe nimeushika mimi."

Kwenye babu mvivu mzee Mayige aliinamisha kichwa. "Huyo alitutia aibu kweli," akasema kwa uchungu, "ila alikuwa wa upande wa mama."

Kurasa zilipokwisha, mzee alisimama, akamshika Kristofa mkono mbele ya ukoo wote, akamwita mkwe. Harusi mwezi ujao! Vigelegele vikapigwa, Milembe akakimbilia ndani kuficha furaha yake.

Mwalimu Salvatory akamvuta Kristofa nyuma ya zizi. Kristofa hakusubiri kuulizwa.

"Mwalimu, nisamehe. Najua umeona—"

"Nyamaza," mwalimu alinong'ona, akitazama huku na huku kabla ya kumkumbatia kwa nguvu. "Kijana, huo mfumo wako mpya ni kiboko. Kurasa arobaini, na mimi sikuwahi kuandika hata mstari mmoja!"