Dalili za Profesa

"Mwangalieni huyu," Profesa alituambia wanafunzi wake, akimnyooshea chaki mgonjwa aliyekaa kwenye benchi mbele ya darasa. Mama yule alikuwa ameshapona, anasubiri ruhusa tu aende kwake. Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Hanitazami machoni. Sauti haisikiki. Kila kitu ndiyo, ndiyo. Wazungu walioanzisha hospitali hii ya wagonjwa wa akili waliandika zamani: akili zetu hukomaa nusu. Basi, haendi popote."

Nilitaka kumpinga, lakini alama zangu zilikuwa mikononi mwake. Nikaandika kila neno daftarini, mjinga mimi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mama mkwe wa Profesa, ambaye chuo kizima kilimjua, mkoba kwapani.

Chaki ikamponyoka Profesa. Shingo ikazama ndani ya kola, mikono ikakimbilia nyuma, macho yakaganda sakafuni kama anayetafuta sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti yangu anasema simu zake hupokei."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini? Utampigia leo?"

"Ndiyo, mama." Mbu angemshinda sauti.

Darasa zima tuliuma midomo. Mgonjwa akainua uso kwa mara ya kwanza, akamkagua Profesa polepole, kuanzia kola mpaka viatu, kwa huruma isiyo na mzaha hata chembe. Kisha akasogea, akapapasa benchi pembeni yake.

"Njoo ukae, mwanangu," akamwambia. "Siku za mwanzo wodini ndizo ngumu."