Siri Isiyo ya Maiti

Bi Mwanahawa alipofika shingoni mwa marehemu, kata ya maji ilimsimama mkononi. Alama za vidole zilikuwa pande zote mbili, kana kwamba aliyemkaba hajamwachia bado.

"Mlisema homa," alisema.

"Homa," alijibu Bi Shuwea, mama mkwe wa marehemu, aliyeshika pindo la shuka ya stara. "Endelea, somo. Mwosha hasemi."

Kweli, miaka yote hakusema. Aliona makovu, vidonda, hata mimba za wasichana, akavifunika vyote kwa sanda.

"Siri ya maiti naificha. Vidole hivi si vyake."

Bi Shuwea alicheka kidogo. "Mwosha huoshwa. Siku yako ikifika, nani katika mji huu atakushikia shuka?"

Bi Mwanahawa alifungua mlango, akamwita mama mzazi wa marehemu aje aone. Mama aliitazama shingo ile kwa muda mrefu, wala hakulia.

"Mara tatu alinikimbilia," alisema. "Mara tatu nikamrudisha kwa mumewe. Mfunike, dada yangu. Wakijua, nitaulizwa mimi."

"Sinyamazi. Nitasema mbele ya wanaume, kabla hawajamchukua."

Bi Shuwea aliachia shuka, akatoka. Wanawake waliokuwa wakimimina maji walimfuata, na mama akawa wa mwisho.

Maiti hugeuzwa na watu wawili. Bi Mwanahawa alikunja mikono ya gauni, akapitisha mkono chini ya bega la binti yule, akavuta peke yake.