Anayekula Mwisho

Usijifanye hujui. Kwako pia kuna kipimo ukutani, na kila jioni kinapotangaza mchango wa kila mtu katika pato la viwanda vya mkoa, wewe unainamia sahani yako.

Kwa Zaituni kilitangaza kama kawaida: yeye wa kwanza, mama yake sifuri. Sheria inataka kila mtu ale kwa mpangilio huohuo. Zaituni akajipakulia wali na nyama, kisha akamsogezea mama sufuria.

"Ukoko mtamu, mwanangu," Bi Mwatumu alisema akikwangua. "Sisi sifuri hatuna hofu ya kunenepa."

Vidole vyake vilijaa matundu ya sindano. Kutwa alishona ngozi za viatu hapo sebuleni. Zaituni alizibeba hadi kiwandani, na lango likamhesabia yeye aliyezibeba. Langoni kuna kitufe cha kumtaja mshonaji. Hakuwahi kukibonyeza, maana hesabu ingehamia kwa mama, na ukoko ungehamia kwake.

"Kesho nitakutaja, mama."

"Unasema hivyo tangu Idi ya mwaka juzi. Kula, chakula kinapoa."

Zaituni akamega tonge jingine.

Nawe unayesoma, hivyo viatu vyako kavishona nani? Weka tonge chini. Mpakulie yeye kwanza, leo hii, na kesho langoni umtaje.