Ngoma ya Nje ya Ukuta

Miaka ishirini Bi Sikudhani aliipigia timu yake ngoma jukwaani. Leo tiketi zote zimeishia kwa walanguzi, na bei yao haishikiki. Hakurudi nyumbani. Aliketi nje, chini ya ukuta wa uwanja, akaibana ngoma magotini, akapiga. Ndani kulikuwa kimya. Viti vingi vya wenzake vilikaliwa na wageni wasiojua nyimbo. Kisha akasikia makofi ya wenzake wachache waliopata kuingia yakiifuata ngoma, wakaanza kuimba, wageni wakawaitikia, na punde uwanja mzima ukaimba.

Mlanguzi aliyebakiwa na tiketi moja akamwinamia.

"Mama, chukua, uingie. Sitaki kitu."

"Nikiacha kupiga sasa, wimbo utakatika."

Mlanguzi akaiweka tiketi juu ya ngoma. Kila pigo likairusha, na mikono ya Bi Sikudhani ikapita kandokando yake bila kuigusa.