Chumvi ya Fainali

Dismas aliingia ukumbini kinyumenyume, kwa mlango wa kutolea taka, na nusu kilo ya chumvi ndani ya soksi.

Msimcheke. Mtu aliyekulia Kariakoo kwenye ushabiki wa kandanda anajua kwamba siku ya fainali hupiti mlango mkubwa, maana wenzako wameshautega tangu jana. Mchezo wenyewe leo ulikuwa wa magongo kwenye barafu, na Kariakoo ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Hayo hayakumpunguzia imani hata chembe. Goli ni goli.

"Baba Jacinta, mlinzi anatutazama," alinong'ona Protas, mwanafunzi wa uhandisi, mpangaji mwenzake pale mtaa wa Xiaobei, aliyemfuata kwa sababu hakutaka kupitwa na kituko.

"Basi mpungie mkono."

Ilikuwa fainali ya kombe la kimataifa la vijana, Guangzhou na Bangkok, mwaka 1998, kwenye kiwanja cha barafu ndani ya jengo la maduka. Nje watu walikuwa wakitiririkwa na jasho. Ndani, Dismas alikuwa amevaa makoti mawili na bado meno yalikuwa yanagongana.

Golikipa wa Guangzhou alikuwa Jacinta, binti yake wa pekee, miaka kumi na minne. Kocha alimwona kule Xintang, kwenye karakana za jinzi ambako Dismas alinunua mzigo, akidaka marobota ya jinzi yanayotupwa kutoka juu ya lori, la kushoto, la kulia, bila kuangusha hata moja. Palepale akampa helmeti. Tangu mama yake afariki, Jacinta ndiye aliyekuwa akipika, akivutana bei na akina laoban, mabosi wa karakana, kwa Kichina chake kisichokwama, na kumkumbusha baba yake dawa ya presha.

Sasa wafadhili walikuwa wametangaza mbele ya wazazi wote: golikipa wa timu itakayotwaa kombe atachukuliwa na shule ya michezo huko Harbin, kaskazini kabisa, miaka miwili, kila kitu bure.

Tangu siku ile Dismas hakupata usingizi. Akampigia simu mganga wake wa Mbagala, akamweleza shida yake yote, na chumvi ikaja kwa ndege ndani ya mkoba wa Bimdogo, mfanyabiashara mwenzake. Maelekezo yalikuwa mafupi: mwaga mlangoni mwa goli, taja jina la golikipa mara tatu, usigeuke nyuma.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Dismas alijitia anampelekea binti yake chupa ya maji ya kuweka juu ya goli. Alipofika akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, akamwaga. "Jacinta, Jacinta, Jacinta." Akageuka kuondoka, akapiga mwereka, akaserereka kwa makalio hadi ukutani. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, sembuse barafu! Watazamaji wakampigia makofi.

Mashine ya kusawazisha barafu ilikuwa imegoma tangu asubuhi, kwa hiyo chumvi ile haikuguswa na mtu.

Kipindi cha kwanza Bangkok walikuja kama nyuki. Walikipiga kile kisahani cheusi, ndio mpira wa mchezo huo, kwa nguvu zao zote, kikaja kasi, kikafika mbele ya Jacinta, kikasimama. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita. Jacinta alikuwa anakifunika tu kwa glovu.

Protas alicheka hadi akashika mbavu. "Baba Jacinta! Chumvi imeyeyusha barafu! Pale mbele yake pamekuwa tope, kisahani kinanasa! Kumbe mganga wako kasoma kemia!"

Dismas akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande za kiwanja. Hilo mganga hakulisema. Sasa tope lilikuwa mbele ya golikipa wa Bangkok, na Guangzhou wakapiga weee, kisahani kikanasa kila mara. Huku kwenye barafu kavu Jacinta akafungwa mawili ndani ya dakika tano. Dismas aliruka kitini.

"Haya!" alipaza sauti. "Haya sasa!"

"Kaa, mzee wangu," Protas akamvuta koti. "Utapandisha presha bure. Kipindi cha tatu tunarudi kwenye tope letu."

Dismas akakaa.

Wakarudi kweli. Guangzhou wakapata moja, wakapata la pili, na zikiwa zimebaki dakika mbili wakapata la tatu. Sekunde za mwisho mshambuliaji wa Bangkok akamtoka beki, akabaki uso kwa uso na Jacinta. Dismas alifumba macho, midomo ikimcheza, akimwita Mungu, marehemu mkewe na mganga kwa pamoja. Akasikia gongo likigonga. Kisha ukumbi mzima ukalipuka. Alipofumbua macho, kisahani kilikuwa kimenasa shibiri moja kabla ya mstari, na binti yake amekilalia.

Tatu kwa mbili. Wenzake wakambeba Jacinta juujuu. Akavua helmeti, akamtafuta baba yake kwa macho, akampungia. Dismas naye akampungia, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Lia, mzee, lia!" Protas alimkumbatia. "Furaha haiji kila siku. Mganga wako kiboko! Nipe namba yake, nina mtihani wiki ijayo."

"Mganga gani, tapeli yule!" Dismas alijipangusa kwa mkono wa koti, bado akimpungia mwanawe. "Nilimwomba chumvi ya kuwapa Bangkok ushindi. Miaka miwili, Protas! Nitabaki na nani mimi?"